Kodoni kwa Kila Kijiji

Hotuba ya Mheshimiwa Adinani Pazi, Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu wa Mradi wa Kodoni na Kuku katika Njia ya Misafara, aliyoitoa uwanjani jirani na stesheni ya Goweko siku ya kuzindua chanjo mpya ya mdondo. Imenakiliwa na karani wa Kamati, Selemani.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uratibu, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa aliyealikwa amepata udhuru ni mimi vilevile. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati, wa Kamati Ndogo ya Kamati, na wa Kamati ya Mapokezi ya Kamati. Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji. Wataalamu wetu wa mifugo mkiongozwa na binti yetu Elieth. Masheikh wetu kutoka Tabora mjini, mapadri na wachungaji wetu. Wazee mashuhuri na wazee wa kawaida. Kina mama wa vikundi vya ufugaji mliofika tangu alfajiri na matenga yenu kichwani. Kuku wa kienyeji, kuku chotara na vifaranga wote mliomo ndani ya matenga hayo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Goweko oyee! (Oyee hafifu. Kuku wanalia.)

Nasema Goweko oyeee! (Oyee ya pili, hafifu kuliko ya kwanza. Jua ni kali.)

Ahsanteni, hamasa naiona. Ndugu wananchi, tumekutana hapa kwa jambo moja kubwa na la kihistoria, nalo ni ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, na ambao sisi kwenye Kamati, baada ya majadiliano ya kina, tumekubaliana kuuita changamoto mtambuka ya ndege wafugwao. Sina haja ya kuwaeleza. Kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda kama amesahau kitu mgongoni, na kabla wiki haijaisha banda zima limebaki manyoya. Taarifa nilizonazo mezani ni kwamba changamoto hiyo imeshaingia Igalula. (Mama mmoja anasema imeshavuka Igalula, kwake imeingia juzi.) Nimesema imeshaingia Igalula, mama. Taarifa za kuingia kwingineko hazijapokelewa kwa utaratibu, na ugonjwa ambao haujapokelewa kwa utaratibu hatuwezi kuupa ushirikiano.

Mtakumbuka kwamba huko nyuma binti yetu Elieth alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kichupa chake, akimdondoshea kila kuku tone moja la chanjo jichoni. Ilikuwa chanjo nzuri, siwezi kusema uongo mbele ya viongozi wa dini. Kuku walikuwa hawafi. Lakini nikajiuliza, mimi kama kiongozi mwenye maono, je, tutaendelea kudondosha matone mpaka lini wakati dunia ya leo inakwenda kwa kodoni? Ndipo mwaka jana, hapahapa mlipokaa, nikasitisha matone yote, ili kuku wa Goweko waje kuipokea chanjo mpya wakiwa wasafi, bila kutuchafulia data. (Bi Kulwa, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, anasimama na kusema kwamba wengine walitaka kuendelea na matone, lakini yeye ndiye aliyewaambia wenzake wamwamini Mheshimiwa na wasubiri.) Ahsante sana Bi Kulwa, keti mama yangu. Mmesubiri, nawapongeza. Kusubiri ni nguvu za wananchi, na Kamati imeshakuingiza kusubiri kwenu katika mafanikio ya awamu ya kwanza.

Sasa kodoni ni kitu gani? Nitawaeleza kwa lugha nyepesi, kama nilivyoandikiwa na mtaalamu wetu wa virusi, Daktari Najiat, ambaye leo hakuweza kuja. Kirusi, ndugu wananchi, ni maandishi. Ni maandishi marefu ya herufi nne tu, na herufi hizo husomwa tatu tatu, kila tatu zikiitwa kodoni. Kirusi kikiingia ndani ya kuku hakina jiko lake. Kinavamia jiko la seli ya kuku, kinaweka maandishi yake mezani, na seli hiyo maskini, bila kuuliza kibali, inayasoma na kukipikia. Kila kodoni inaagiza kiungo kimoja cha kupikia protini. Na kodoni zipo sitini na nne. (Makofi ya meza kuu.) Sitini na nne! Tangu kuumbwa ulimwengu zimekuwa hizohizo sitini na nne, hakuna aliyeongeza hata moja, na mimi nimesema hapana: Kamati yangu imejipanga zifike mia moja ifikapo mwisho wa awamu ya pili, kwa mgawanyo wa kodoni mbili kwa kila kijiji, na vijiji vya pembezoni tatu. (Mjumbe wa meza kuu: "Kodoni kwa kila kijiji!" Wajumbe wanaitikia wenyewe.)

Katika hizo sitini na nne, tatu hazina kiungo chochote zinachoagiza. Kazi yake ni kusema basi, pishi limekwisha. Nilipopewa taarifa hiyo nilisikitika sana, tena nilikosa usingizi, maana haiwezekani katika kipindi hiki cha kasi tukawa na kodoni tatu nzima ambazo kazi yake ni kuwasimamisha wenzake. Nimeagiza zikae pembeni kupisha uchunguzi. (Makofi ya meza kuu. Elieth anatazama chini.)

Naendelea. Viungo vyenyewe ni ishirini tu, na kodoni ni nyingi, kwa hiyo kiungo kimoja huweza kuitwa kwa kodoni mbili, au nne, vingine hata sita. Ni kama hapa kwetu tu. Mtu wa pwani ataomba sima, wa mjini ataomba ugali, bibi wa Goweko ataomba bugali, na wote watatu wataletewa sahani ileile. Ila mpishi naye ana mazoea yake. Mwagize kwa neno analolisikia kila siku, sahani imefika. Mwagize kwa neno geni, atasimama, atakuna kichwa, atamuuliza jirani, na wewe njaa inakuuma. Kwa hiyo kirusi kilichokaa na kuku siku nyingi hujirekebisha kikaanza kutumia maneno ya jikoni kwa kuku. Si kwa akili, maana akili hakina, bali kila kinapojinakili kinakosea herufi hapa na pale, na kosa lile linalosomeka upesi ndilo linalozaa watoto wengi. Babu zenu wanalijua hili. Msafara ulipofika Unyamwezi, mgeni aliyeomba mtama kwa lugha ya kwao alilala na njaa. Aliyejifunza Kiswahili cha sokoni alishiba, akaoa, na vitukuu vyake ndio wale wanaowauzia vitenge Tabora mjini. (Kicheko. Mzee Nasri, mfanyabiashara wa vitenge kutoka mjini, anapunga mkono.)

Basi wataalamu wa chanjo wakakaa wakafikiri. Wakasema, tukichukua kirusi tukakiacha na maana ileile, viungo vilevile, sura ileile, ila tukakibadilishia maneno, tukakijaza yale ambayo jiko la kuku huyasoma kwa kujikwaa, itakuwaje? Inakuwa hivi: kirusi kinabaki kizima, lakini kinazaa kwa kusuasua. Kinga ya kuku inapata wasaa wa kukitazama, inakishika sura, inakipiga. Na siku kile kikali kikija kinajulikana tangu mlangoni. Na kwa kuwa maneno yaliyobadilishwa ni mengi mno, kirusi hakiwezi kuyarudisha yote kwa bahati nasibu. Yaani kipo ofisini, kina cheo, kina kiti, lakini kazi haiendi. Kamati ilipoelezwa utaratibu huu iliuelewa papo hapo, bila hata semina. (Makofi marefu ya meza kuu.)

Semina tulifanya baadaye. Kwa kuwa mradi huu umejikita katika njia ya misafara, wajumbe walilazimika kwenda kujijengea uwezo Bagamoyo, ambako njia ilianzia, na baadaye Ujiji, ambako iliishia ziwani, kwa lengo la kuandaa fremuweki shirikishi na rodimapu ya utekelezaji kwa kuwahusisha stekihoda wote. Goweko hatukuweza kusimama kwa sababu tulipita tumelala. Lakini niwahakikishie kwamba katika maazimio kumi na saba yaliyopitishwa, Goweko imetajwa katika azimio la... (Treni ya mizigo inapita. Mheshimiwa anaendelea kusoma. Kurasa mbili hazisikiki. Treni inakwisha.) ...na hiyo ndiyo sababu hakuna kuku atakayeachwa nyuma! (Makofi ya meza kuu.)

(Bi Kulwa anasimama tena. "Mheshimiwa, shikamoo. Chanjo iko wapi?") Marahaba mama. Chanjo ipo kwenye mchakato. (Bi Kulwa: "Mchakato umefika wapi?") Umefika katika hatua ya upembuzi yakinifu. (Bi Kulwa: "Na huo upembuzi?") Upembuzi unasubiri awamu. (Mgambo Tobias anasogea kumtoa Bi Kulwa. Bi Kulwa: "Niache wewe, huyu Mzaramo ni mtani wangu!" Umati unashangilia.)

Tobias, muache. Rudi nyuma, kijana, utatuletea mkosi. Ni kweli, mimi ni Mzaramo wa kuzaliwa, wa baba na mama, na hawa Wanyamwezi ni watani zetu tangu babu zao waliposhuka pwani na pembe mabegani; waliochoka walikula kwetu, waliougua tuliwauguza, waliofia kwetu tuliwazika huku tukiwacheka. Mtani hakasirikiwi. Mtani anasema atakacho hata msibani, na mtani akishika kitu chako hukipati mpaka ukikomboe. Hiyo ni mila, na mimi naheshimu mila, nimeiandika hata kwenye wasifu wangu. Sema mtani wangu, sema ulichonacho, mimi nina kifua. (Bi Kulwa: "Mzaramo, ngoma umepiga tangu asubuhi, sasa mwali yuko wapi? Umesema kiungo kimoja kina maneno sita. Kumbe na wewe unazo kodoni zako! Mchakato, upembuzi, awamu, fremu sijui nini, rodi sijui nini. Maneno yote hayo, sahani inayoletwa ni moja: hakuna kitu." Kicheko kikubwa. Meza kuu haicheki.)

Ha ha ha. Watani hawa! Andika, Selemani, kwamba Mheshimiwa alicheka. Mtani, umeelewa somo kuliko wajumbe wangu, na nitashauri upewe cheti cha ushiriki. Lakini mambo ya kitaalamu... Mtani, unakwenda wapi? Hapo ni meza kuu. Mtani, hilo ni deli la mradi. Limeandikwa CHANJO, lina ubaridi wake maalumu, halifunguliwi hovyo juani. (Bi Kulwa amelikalia deli. Anasema amelishika kwa utani na halitoki bila ukombozi.) Nami nakuomba kwa utani huohuo usilifungue. (Bi Kulwa analifungua. Ndani mna barafu, soda, maji ya chupa, na kuku wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi. Umati unasogea kuchungulia. Kisha mtu wa nyuma anauliza: "Hao wameshachanjwa?")

Ndugu wananchi, tusipotoshe. Kile ni chakula cha wajumbe, na wajumbe nao ni binadamu, wana viungo ishirini kama ninyi. Chanjo ya kodoni ni jambo nyeti, haiwezi kukaa deli moja na soda. Nani amekwambia... Mtani, funika, barafu inayeyuka. Haya, taja ukombozi wako tumalize, wageni wana kiu. Unataka nini, khanga? Doti moja? (Bi Kulwa: "Sitaki khanga. Nataka kauli uliyoitoa mwaka jana uifute. Ruhusu matone. Leo, hapa, sasa hivi. Mimi ndiye niliyewaambia hawa wasubiri. Mji usio na kuku, mgeni akifika nitamchinjia kodoni?" Anatazama tenga lake. Umati: "Ruhusu! Ruhusu!")

Nisikilizeni. Nisikilizeni jamani, mimi sishinikizwi, na wala hapa sijashinikizwa, ieleweke hivyo. Ila kwa kuzingatia mila, na kwa kuzingatia hali ya hewa, na kwa kuwa deli lile limeazimwa, naelekeza kwamba matone yarejeshwe kama afua ya mpito, bila kuathiri msimamo wa Kamati kwamba matone ni ya kizamani. Elieth, matone yatapatikana lini, baada ya miezi mingapi? (Elieth anasema yapo. Aliyaagiza kimyakimya, yako kwenye jokofu la duka la Shukrani, ng'ambo ya reli.) Yapo? Yamekuwepo siku zote? Hilo tutalizungumza ofisini, binti. (Elieth anatangaza kwamba kuku mzima atakayepata tone leo ana nafasi ya kunusurika na mdondo huu. Aliyekwisha kuzubaa au kupinda shingo, tone halitamsaidia, asipelekwe akawaambukiza wengine. Kina mama wanajitwika matenga na kuvuka reli. Wazee wanafuata.)

Sijamaliza. Ndugu wananchi, hotuba ina kurasa nyingine kumi na moja. Zile kodoni tatu nimeshazisimamisha, hakuna wa kusema basi hapa! Sehemu tamu ya takwimu ndiyo inafika sasa. Katika kipindi kifupi cha uongozi wangu, uelewa wa kodoni Goweko umepanda kutoka asilimia sifuri hadi asilimia mia moja na nne, ziada ikitokana na wapita njia. Kuku waliofikiwa na mradi na baadaye wakafa ni sifuri, kwa kuwa hakuna aliyefikiwa. Na malalamiko yaliyopokelewa ni sifuri, kwa kuwa dirisha la kupokelea halijajengwa. (Makofi ya wajumbe waliobaki. Mzee Nasri anaaga kwa mkono na kuvuka reli.) Haya, tupige kauli mbiu. Nikisema kodoni, ninyi semeni kwa kila kijiji. Kodoni! (Mjumbe mmoja, mdomo umejaa: "Kwa kila kijiji.") Mdondo! (Kimya.) Mnasema chini. Mdondo! (Mjumbe: "Chini.") Misafara! (Hawakuelekezwa la kujibu.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Daktari Najiat, ambaye nilimpigia simu kumuuliza kodoni ni nini, akanieleza kwa upole kabisa, akanieleza pia kwamba chanjo ya namna hiyo hutaka maabara kubwa na miaka mingi ya kazi na haitengenezwi na kamati, na jioni ileile nikautangaza mradi. Nawashukuru wajumbe kwa kusimamia maabara ambayo haikujengwa, kwa uadilifu mkubwa, hata msumari mmoja haukupotea. Naushukuru umma wa Goweko kwa kuupokea mradi huu ambao, sasa naweza kusema kwa kuwa waandishi wa habari hawakuja, haukuwa na andiko, wala mtaalamu, wala chanjo, wala hata kodoni moja. Ulikuwa na hotuba tu, na hotuba yenyewe mmeisikia.

Na kipekee kabisa nimshukuru mtani wangu Bi Kulwa, ambaye wenzake wote wamevuka reli, kijiji kizima kipo kwa Shukrani kwenye matone, lakini yeye peke yake amebaki ameketi hapa na tenga lake, ananisikiliza mpaka mwisho. Huu ndio uzalendo. Mtani, mbona hukuenda na wenzako? (Bi Kulwa amefungua tenga. Kuku wake wamepinda shingo. Amemtoa mmoja, amempakata, anajaribu kumnyoosha.) Mpigieni makofi jamani. (Wajumbe wanapiga makofi.)